Kisiwa Huitikia Wito wa Tatu

Vijana wangu, mlipokuja hapa kwangu Bulla Pesa Jumamosi ile na kompyuta yenu ya kukunja, niliwapa chai mkanywa, nikawasikiliza mpaka mwisho, na sikuwajibu. Najua mlipotoka mlisema mama huyu amezeeka, masikio yamekufa. Masikio yangu ni mazima kuliko yenu. Mliniomba mambo mawili. La kwanza, niwape maneno ya kuweka kwenye tovuti ya kambi ya Kisiwa, kwa sababu zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiwatuma wageni kule. La pili, niseme "karibuni Kisiwa" mnirekodi, ili mgeni aliye Ulaya akibonyeza tu apokewe na sauti yangu. La kwanza ndilo hili mnalolisoma. La pili nitalijibu mwishoni, na msirukie mwisho kama mlivyozoea.

Mimi nilikuwa mtu wa redio. Si redio ya nyimbo na salamu, ni redio ya kuongea, ile ya kubonyeza ukasema na kuachilia ukasikiliza. Ilikaa katika chumba kimoja nyuma ya gereji ya kampuni ndogo ya safari, hapa Isiolo, karibu na kizuizi cha barabara ya kaskazini. Babu yangu aliletwa mji huu kama askari wa Waingereza, baba akawa mtu wa malori, na mimi walitaka niuze vitambaa. Sikuwa na subira ya vitambaa. Mwanamke anashika kitambaa saa nzima, halafu anasema atarudi kesho!

Aliyenitoa dukani ni Mzee Ekai, Mturkana aliyekuwa mtu wa mitambo ya mawasiliano katika polisi kabla hajastaafu. Alitaka mtu mwenye sikio zuri na mwandiko unaosomeka. Siku ya kwanza hakunifundisha kuongea. Alinivalisha vile vyombo vya masikioni, akaniambia nisikilize tu, na nikakaa wiki mbili nikisikiliza mkwaruzo.

"Nasikia makelele tu, Mzee," nikamwambia.

"Hiyo makelele ni sura ya mtu," akasema. "Kila redio iko na sura yake. Siku utajua Marsabit kabla hajasema jina, hapo utakuwa umeanza kazi."

Alikuwa sahihi. Redio ya Marsabit ilikuwa na upepo. Ya Merti ilikuwa na mlio mwembamba, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Na redio ya Kisiwa ilikuwa na watoto, kuku na maji yanayopita, kwa sababu Galgalo, mtu wao aliyeishika redio, aliiweka nje chini ya kivuli, na ukisema naye unasikia kijiji kizima nyuma yake.

Nyinyi mnakijua Kisiwa cha leo, chenye vyoo vya kisasa. Wacha niwaambie kilivyokuwa. Chini ya Biliqo mto Ewaso Nyiro unagawanyika mikono miwili, unaikumbatia ardhi, halafu unaungana tena. Mkono mmoja una maji karibu mwaka mzima. Mwingine ni mchanga mtupu, lori linapita bila shida, mpaka siku mto unapokumbuka kwamba ni wake. Katikati walikaa Waata, kaya chache, watu wa kuwinda tangu zamani. Uwindaji ulipopigwa marufuku walibaki na asali na macho yao. Na macho yale! Galgalo angekuonyesha ndege ambaye wewe ungeapa ni jani.

Mwenye kampuni yetu alipokwenda kuwaomba alete wageni, walikubali kwa masharti, na Mzee Ekai akayaandika nyuma ya daftari la redio. Lori moja, wageni sita. Wiki za kuvuna asali hakuna mtu. Mkebe ulioingia na mgeni utoke na mgeni. Na la mwisho, lililokuwa kubwa kuliko yote: hakuna atakayeondoka Isiolo mpaka Kisiwa chenyewe kiseme kwa redio, asubuhi ya siku hiyohiyo, kwamba wageni waje. Leo mnaitwa hotelini siku tatu kufundishwa utalii usioharibu jamii. Galgalo aliyamaliza mafunzo hayo yote kwa sentensi moja: "Mgeni anakuja siku sisi iko tayari, si siku yeye iko tayari."

Sasa lile jambo la kuita.

Nilipoachiwa maiki, niliita Kisiwa saa moja asubuhi kama nilivyofundishwa. "Kisiwa, Isiolo hapa, ova," yaani nimemaliza, sema wewe. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nikaita mara ya tatu kwa hasira, na papo hapo Galgalo akaitika kwa sauti ya mtu aliyekuwa amekaa hapo muda wote. Kesho yake vilevile. Na akiita yeye, ukimjibu wito wa kwanza hasemi kitu, anazima. Nikamwambia Mzee Ekai mtu huyu ni mvivu na anatumalizia betri. Mzee akacheka, akasema nimuulize mwenyewe.

"Huku mtoni iko kitu inaita watu," Galgalo akaniambia, kwa utulivu kabisa, kuku wakilia nyuma yake. "Inajua jina yako. Inajua sauti ya mama yako. Lakini hesabu yake inaisha mbili. Mtu ndiye anaita tatu."

Nilicheka mpaka nikaachilia maiki. Kumbe hata shetani wa huko hakumaliza darasa la kwanza! Jioni nikalipeleka nyumbani, na kaka zangu wakacheka, hasa Abdi, mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa dereva wa lori letu. Mwezi mzima Abdi hakuitika nyumbani mpaka aitwe mara tatu. Mama anamwita aje ale, yeye ananyamaza, mama anapandisha sauti, na ya tatu Abdi anatokea mlangoni akisema, "Sasa najua wewe ni mtu." Nyanya yetu peke yake hakucheka. Alisema hata kwao walikuwa wakijua hivyo, ni mji uliotusahaulisha.

Msidhani kazi yote ilikuwa ya kutisha. Siku moja nilikaa juu ya maiki bila kujua, kitufe kikabanwa, na mama akaingia kunieleza habari za mchumba, mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua. Nikamkataa yule bwana kwa maneno yote niliyokuwa nayo, nikataja meno yake, nikataja mwendo wake. Kuanzia Marsabit mpaka Garissa kazi zilisimama, watu wakinisikiliza. Kesho yake Galgalo, baada ya wito wa tatu, aliniuliza kwa upole, "Yule wa miraa, basi imekwisha kabisa?" Tangu siku hiyo nikikaa popote napapasa kwanza.

Na jifunzeni hili, hata kama mna vifaa vyenu vya sasa: taarifa fupi huokoa, ndefu hupotea. Sema jambo moja, ngoja lirudiwe, ndipo useme la pili. Usiseme ukiwa na haraka ya mtu mwingine. Hili la mwisho Mzee Ekai alinirudia kila wiki, na ndilo nililoshindwa.

Kulikuwa na kitu ambacho Mzee hakunieleza mpaka nilipokikuta mwenyewe. Saa sita za mchana, wakati wa jua kali ambapo hakuna kituo kinachoita, nilianza kusikia jina letu. "Isiolo." Kisha tena, "Isiolo." Halafu hakuna. Ilikuwa sauti ya Galgalo. Nilingoja ya tatu, haikuja. Wiki iliyofuata tena. Nilipomwambia Mzee Ekai, alikwenda kabatini akatoa madaftari ya miaka ya nyuma, akanifungulia. Pembeni mwa kurasa, saa sita, kulikuwa na vijistari viwili vya kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, bila cha tatu.

"Hii ni nini, Mzee?"

"Hiyo si yetu," akasema. "Andika mistari mbili, kisha unywe chai."

Wiki ile chai yenyewe ilinishinda, nawaambia kweli. Lakini binadamu huzoea. Baada ya mwaka nilikuwa nikiandika mistari miwili na kunywa chai.

Sasa nawapeleka kwenye siku yenyewe. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, lakini hapa Isiolo mbingu ilikuwa safi na vumbi tele. Msidanganywe na mbingu ya Isiolo. Mto ule haunywi mvua yetu, unakunywa mvua ya milimani, na mafuriko yake humfika mtu aliye juani. Mzee Ekai alikuwa amekwenda Lodwar kumzika ndugu yake. Nilikuwa peke yangu.

Wageni sita walikuwa wameshapanda lorini, wamevaa kofia zao. Abdi alikuwa kwenye usukani. Saa moja niliita Kisiwa mara tatu, kimya. Nikarudia tatu nyingine, kimya. Sheria yetu ilikuwa wazi: Kisiwa kikinyamaza kimekataa. Mwenye kampuni akaja mlangoni, akatoka, akaja tena.

"Saadia, watu wametoka mbali. Niwaambie nini?"

"Waambie Kisiwa kimenyamaza."

"Labda betri yao imekufa tu. Jaribu tena."

Nikajaribu. Alisimama nyuma ya kiti changu, namsikia anavyopumua. Injini ya lori inanguruma. Saa tatu ilikuwa inakaribia, na ikishapita hapo lori haliwezi kufika na watu wakapiga kambi kukiwa na mwanga. Ndipo redio ikasema, "Isiolo."

Sauti ya Galgalo. Nikaruka. Ikanyamaza kidogo, kisha, "Isiolo."

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitufe. Nilijua nangoja nini. Lakini yule bwana nyuma yangu akasema, "Si huyo? Mjibu!" Nikabonyeza.

"Kisiwa, nakupata. Wageni waje? Ova."

"Wageni waje," ikasema. "Njia ni kavu."

Ilikuwa safi mno. Hilo ndilo ninalolikumbuka kila siku. Haikuwa na mkwaruzo. Nyuma yake hakukuwa na mtoto, wala kuku, wala maji. Mimi, niliyefundishwa wiki mbili kuzijua sura za redio, nilisikia redio isiyo na sura, na nikaandika taarifa yake kwa mwandiko mzuri.

Nikatoka nje, nikamwambia Abdi Kisiwa kimekubali. Aliinamisha kichwa dirishani, akatabasamu kwa ule mzaha wetu wa nyumbani.

"Mara tatu, abaayo?"

Abaayo ni dada kwetu. Nikamwambia, "Mara tatu." Nilimdanganya ndugu yangu mchana kweupe, machoni, na lori likaondoka.

Saa kumi alasiri redio iliita. "Isiolo." Nikangoja. "Isiolo." Nikangoja. "Isiolo, Galgalo hapa." Na nyuma yake watoto walikuwa wakilia, na maji yalikuwa yakinguruma hata nikalazimika kusogeza sikio.

"Leo mgeni asije," akasema. "Maji iko juu. Mchanga yote imekwisha, mtumbwi imechukuliwa. Ova."

"Galgalo, si ulisema asubuhi waje?"

"Asubuhi? Betri iko juu ya mti tangu jana, mkono ile ya maji ilianza kupanda, tukaificha. Sasa ndiyo nimeteremsha. Mimi sijaongea na mtu."

Sikuweza kubonyeza. Aliniita tena mara tatu ndipo nikapata sauti ya kumwambia kwamba lori limeondoka, na anayeendesha ni Abdi. Kivuko kiko nyuma ya kona ya mto, kutoka Kisiwani hakionekani. Galgalo akasema, "Nitatafuta njia. Kesho saa moja nitakuambia." Lori halikuwa na redio, na hakuna gari ambalo lingelifikia. Usiku ule sitausimulia. Niliswali, na nyumbani sikumwambia mtu.

Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshika maiki kwa mikono miwili. Redio ikakwaruza. "Isiolo."

Vijana wangu, hamjui kungoja. Habari ya ndugu yangu, mzima au maiti, ilikuwa upande wa pili wa kitufe, na sikuruhusiwa kubonyeza. "Isiolo." Nikauma shuka nililojitanda begani. Kimya kikawa kirefu, kirefu kuliko siku yoyote, nikaanza kusema moyoni, ni kile, ni kile tena, na sitajua kamwe. Kisha kuku akawika.

"Isiolo, Galgalo hapa. Lori iko upande ya barabara, haikuvuka. Watu saba, wote wazima. Ndugu yako anauliza mmemfungia sukari wapi."

Nililia huku kitufe kimebonyezwa, na kaskazini yote ikanisikia kwa mara ya pili.

Abdi aliporudi alinieleza. Alifika saa tisa na kitu. Mchanga ulikuwa mkavu, mweupe, kama sakafu iliyofagiwa. Alikuwa ameshaingiza gia ashuke, akasikia anaitwa kutoka ng'ambo, katikati ya miti ya mikoma. "Abdi!" Mama mmoja mzungu nyuma akapunga mkono upande ule, kwa hiyo si yeye peke yake aliyesikia. Ikaita tena, "Abdi!" Akazima injini. Wageni wakauliza kuna nini, akawaambia anangoja aitwe. Akawasha sigara. Haikufika nusu, maji yakaja kutoka kwenye kona na magogo mbele yake, na pale ambapo lori lingekuwa pakawa mto.

"Kama hungetuchekesha na yale mambo mezani," akaniambia, "ningejua nini mimi?"

Nilimuuliza ni sauti ya nani iliyoita. Akasema hakuitambua, akaomba chai.

Mzee Ekai aliporudi nilimwambia yote, pamoja na uongo wangu. Nilitegemea anifukuze. Alifungua daftari, akaisoma taarifa yangu ya saa tatu, kisha pembeni yake akachora mistari miwili. Halafu akaniambia niende Kisiwani nikaseme mwenyewe, kwa mdomo wangu. Maji yaliposhuka nilipanda lori na Abdi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Galgalo kwa macho. Alikuwa mfupi, mwenye mvi, na nilishangaa kwamba sauti ile ilikaa kwa mtu mdogo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja.

"Ilisema wageni waje?"

"Ndiyo."

Akatazama mto. "Basi imejifunza kazi yetu," akasema, na akanipa asali.

Nilifanya kazi ile miaka mingine mingi, mpaka kampuni ikafungwa, na sikuitikia tena wito wa pili wa mtu yeyote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu ni zima, lakini lililovunjika nalijua.

Sasa majibu yenu. Mlinionyesha kitufe kile ambacho mgeni akibonyeza, tovuti inamjibu papo hapo kwamba nafasi imethibitishwa, njoo. Mlikuwa na furaha kubwa. Mimi nasema kiondoeni. Mgeni aombe, tovuti ingoje, na jibu litoke kwa mtu aliye Kisiwani, anayeuona mto siku hiyo, mwenye watoto na kuku nyuma yake. Akichukia kungoja, huyo hawezi kuwa mgeni wa Kisiwa. Mkiona aibu kuandika sababu, andikeni tu kwamba ndiyo desturi.

Na kuhusu sauti. Abdi aliugua mwishoni mwa miaka ya themanini, ugonjwa wa kifua, nami nikamuuguza humu humu chumbani mlimokunywa chai. Siku moja asubuhi nikimlisha uji, akanishika mkono.

"Abaayo, siku ile mtoni nilikudanganya. Niliitambua."

"Ilikuwa ya nani?"

"Yako. Ilikuwa inaniita kama unavyoita ukiwa umepakua chakula. Nilitaka kuvuka, wallahi nilitaka. Nikasema wacha aite ya tatu."

Nilimwomba msamaha kwa ule uongo wa dirishani. Akasema aliujua siku ileile, kwa jinsi nilivyojibu haraka. Alizikwa Ijumaa ya wiki hiyo, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo maneno haya chukueni, yapangeni mnavyotaka. Lakini sauti tafuteni ya mtu mwingine. Mnataka niiweke yangu Kisiwani, na iko kule tayari, na sijui leo inamwita nani.